Bonge Aliyejua Kuanguka

Kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila mkanda ulikuwa na steringi mmoja, na tulimtambua kabla hajafumbua mdomo. Mwembamba, kifua kimejigawa, nywele zimeangukia usoni. Waliobaki walikuwa maadui, na kazi ya adui ni kupigwa. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni bado, ilianza 1994, kwa hiyo dunia yetu yote ya picha ilikuwa ndani ya deki moja, kioo cha inchi 21, na mabenchi ambayo penye nafasi ya watoto wanne walikaa sita. Tukitoka hapo ni moja kwa moja uwanjani kugawana majina. Wewe Bruce Lee, wewe Jackie Chan. Aliyekuwa mdogo kuliko wote na aliyekuwa mnene kuliko wote walipewa uadui bila kuulizwa.

Mnene nilikuwa mimi.

Siku moja mwenye kibanda aliweka mkanda uliokatika mwanzo. Jina hatukuliona. Picha ilianzia katikati, na hapo katikati palikuwa na mtu mashavu yamejaa, tumbo limetangulia, anapigana. Tukangoja apigwe. Hakupigwa. Aliruka, akajikunja hewani kama paka aliyeteleza ukutani, akatua kwa miguu yote miwili. Kibanda kikalipuka kwa kelele. Nyuma yangu mtu akasema, "Jamani, Bonge ndiye steringi!" Niligeuka haraka kumtazama aliyesema, kama vile nimeitwa mimi.

Ilinichukua miaka kujua kwamba mkanda ule ulikuwa The Magnificent Butcher, filamu ya 1979 iliyoongozwa na Yuen Woo-ping, na kwamba Bonge ni Sammo Hung, mzaliwa wa Hong Kong wa mwezi Januari 1952. Humo anaigiza kama Lam Sai-wing, muuza nyama aliyekuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, gwiji wa kung fu wa China. Nimeishi na mtu huyu tangu siku ile. Wengine wana Bruce Lee wao, wana Jackie Chan wao, na siwapingi. Mimi nina huyu, na nataka kueleza kwa nini, maana naona watu wengi wamemtazama maisha yao yote bila kumwona.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Alikuwa ameshapita mbele ya macho yangu kabla ya siku ile ya mkanda uliokatika. Kila aliyewahi kukalia benchi la video anaijua Enter the Dragon ya 1973. Inafunguka kwa pambano: Bruce Lee na kijana mmoja mnene, wamevaa kaptura fupi na glavu zilizoacha vidole wazi, watawa wamewazunguka. Kijana anarushwa, anainuka, anarushwa tena, mwisho anabanwa chini mkono umekazwa, naye anagonga sakafu kukubali. Sisi tulishangilia. Yule aliyegonga sakafu alikuwa Sammo Hung, umri wake miaka 21.

Sasa tazama filamu ile ile kwa jicho jingine. Sarakasi unazoona Bruce Lee akizipiga, aliyezifanya kwa niaba yake ni Yuen Wah. Na kule kwenye mapango, yule anayekamatwa nywele na kuvunjwa shingo, anapita kwa sekunde chache tu, ni Jackie Chan. Watatu hawa walisoma shule moja na kuchapwa na mwalimu mmoja. Filamu inayotajwa kuwa ndiyo kilele cha mtu mmoja imebebwa mgongoni na vijana wa darasa moja: mmoja anapigwa, mmoja anaruka, mmoja anakufa.

Shule yenyewe ilikuwa Kowloon, Hong Kong, na mwalimu wake ni Yu Jim-yuen, mtu wa opera ya Beijing. Sammo alipelekwa pale akiwa na miaka tisa hivi, akakaa miaka saba. Kwao sinema haikuwa jambo geni. Bibi yake, Chin Tsi-ang, alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kuigiza filamu za upanga na ngumi, na babu yake alikuwa mwongozaji. Lakini ndani ya shule ile ukoo haukukusaidia kitu. Mzazi alisaini mkataba, na mtoto akawa wa mwalimu kwa miaka iliyoandikwa. Mazoezi yalianza alfajiri na kwenda mpaka usiku: kusimama kwa mikono hadi mabega yanatetemeka, kupasua miguu, kupinduka, kuimba, kurudia. Masomo ya darasani yalikuwa machache. Fimbo ndiyo iliyosahihisha. Kila mwanafunzi alipewa jina la jukwaani lililoanza na Yuen, kutoka jina la mwalimu. Jackie Chan alikuwa Yuen Lo. Sammo alikuwa Yuen Lung. Wapo waliobaki nalo maisha yote, kama Yuen Biao na Yuen Wah.

Kwa sababu alikuwa mkubwa kwa wenzake, Sammo ndiye aliyekuwa kaka. Na kaka wa shule ya fimbo si mtu wa kupendeza sikuzote. Jackie Chan ameeleza waziwazi jinsi alivyoonewa na Sammo walipokuwa wadogo. Sitaki kulifunika hilo. Mtu anayefinyangwa kwa kipigo huanza kwa kukigawa kile alichopewa. Kinachonivuta kwake ni kilichofuata, pale alipotoka na kuwa na madaraka ya kweli, kamera yake, fedha zake, neno la mwisho. Jina la Kaka Mkubwa lilimfuata mpaka kwenye tasnia, lakini kazi ya ukaka ikawa nyingine kabisa.

Akiwa anakaribia kumaliza aliumia, akalala kitandani muda mrefu, na mwili aliouongeza humo haukuondoka tena. Opera nayo ilikuwa inakufa, watu wamehamia sinema. Vijana wale waliofundishwa kuimba na kupinduka hawakuwa na pa kupeleka ufundi wao ila kwenye studio za filamu, walikolipwa kwa siku ili waanguke. Ndiyo, waanguke. Kutoka kwenye ghorofa, kutoka kwenye farasi, kupitia meza, kupitia kioo.

Hapa lazima nimtaje kaka yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa macho ya kumwona Sammo. Kaka alikuwa mpiga sarakasi. Alikuwa na tairi la lori walilolifukia nusu kwenye mchanga karibu na bahari, wakaligeuza kuwa springi. Nilipomwambia nataka kuruka kama Bonge, hakunifundisha kuruka. Alinifundisha kuanguka, wiki nzima, mpaka nikalia. Kidevu kifuani. Toa pumzi kabla hujagusa chini, usiibane. Usitangulize kiganja, utavunja mkono. Ipokee ardhi kwa mkono mzima kuanzia begani, kwa nguvu, kama unaipiga wewe. "Ardhi ukiiogopa inakuumiza," alisema. "Ipige kwanza."

Baada ya wiki ile sikuweza tena kutazama picha za ngumi kama zamani. Nilianza kumtazama anayepigwa. Na ukimtazama anayepigwa utagundua jambo ambalo benchi zima halilijui: teke halina uzito wowote mpaka apatikane wa kuliamini. Anayepiga anafanya nusu ya kazi. Nusu nyingine, na ndiyo iliyo nzito, inafanywa na yule anayejirusha kwa wakati ule ule, kwa kasi ile ile, akatua kwa namna ambayo wewe uliyekaa utashika mbavu zako. Watengenezaji wa Hong Kong walijua hivyo. Walikuwa wakipaka unga kwenye nguo ili pigo likifika ufuke vumbi. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni vumbi la kweli, kwamba watu wale hawafui. Na sauti ziliingizwa baadaye. Filamu nyingi za wakati ule zilipigwa bila sauti, mazungumzo na vishindo vyote vikapachikwa studio. Kwa hiyo Lufufu alipokuja kutusimulia picha hizi kwa Kiswahili, na DJ Afro upande wa Kenya, hawakuwa wanaharibu kitu kama wengine wanavyodai. Picha zile zilizaliwa zikisubiri mtu wa kuzipa sauti.

Sammo alianza kuongoza filamu zake mwaka 1977 na The Iron-Fisted Monk. Mwaka uliofuata akaigiza mfuga nguruwe anayemhusudu Bruce Lee na kwenda mjini kufanya kazi mgahawani, filamu ya Enter the Fat Dragon. Aliyepigwa mwaka 1973 sasa anamwiga aliyempiga, na anamwiga kwa upendo mtupu. Hakuna kejeli hata kidogo katika ile miondoko. Mwaka huohuo 1978 ndiye aliyesimamia mapigano ya Game of Death, filamu ambayo Bruce Lee aliiacha bila kuimaliza alipofariki Julai 1973. Mtu aliyeanguka kwa ajili yake ndiye aliyeitwa kuimalizia kazi yake.

Lakini filamu ambayo ningemwekea mtu asiyemjua kabisa ni The Prodigal Son ya 1981. Yuen Biao, mdogo wake wa shule, ndiye steringi. Anaigiza kijana wa tajiri anayejiona bingwa wa ngumi mtaa mzima. Kila anayepambana naye anashindwa. Asichojua ni kwamba nyumbani kwao wanawalipa watu waanguke. Anapiga, wanaruka nyuma, wanagaagaa, wanakwenda kuchukua fedha zao mlango wa uani. Siku anapokutana na mtu asiyelipwa, mcheza opera anayeigiza nafasi za wanawake, anagundua kuwa hajui lolote. Mcheza opera huyo ni Lam Ching-ying, mwembamba, ana pumu, amepakwa rangi usoni, na anapigana kwa utulivu unaotisha.

Hebu fikiria nani ametengeneza hadithi hii. Ni mtu aliyekula kwa kuanguka tangu ujana wake. Anajua bei ya kuanguka, na anajua jinsi anayepiga anavyoweza kuishi akiamini kwamba ushindi ni wa mikono yake. Sijaona filamu nyingine ya ngumi inayosema ukweli huu kwa uwazi hivi: kwamba nyuma ya bingwa kuna watu waliokubali kulala chini. Yeye mwenyewe alijipa nafasi ya pembeni, mwalimu mnene wa Wing Chun, mtindo mmoja wa kung fu, anayeingia baadaye. Tuzo ya kupanga mapigano kwenye Tuzo za Filamu za Hong Kong ya mwaka 1983 ilikwenda kwa filamu hiyo. Mwaka huohuo alichukua pia ya mwigizaji bora wa kiume, kwa Carry On Pickpocket.

Kutoka hapo ukihesabu watu aliowafungulia mlango utachoka. Mwaka 1984 alikwenda na wenzake Barcelona kupiga Wheels on Meals. Yeye ndiye mwongozaji, yeye ni mmoja wa waigizaji wakuu watatu, na pambano bora kuliko yote ya filamu ile hakujipa. Alimpa Jackie Chan, dhidi ya Benny Urquidez, bingwa wa kweli wa kickboxing kutoka Marekani. Kuna teke moja la Urquidez ambalo upepo wake unazima mishumaa. Wapo wanaosema ni pambano bora la maisha yote ya Jackie, nami ni mmoja wao. Mwaka huohuo akamweka mbele ya kamera dada mmoja wa Malaysia aliyesomea dansi, hajawahi kucheza filamu: Michelle Yeoh, aliyekuja kutwaa Oscar mwaka 2023. Lam Ching-ying naye alipata nafasi ya maisha yake kwenye Mr. Vampire ya 1985, akiwa padri wa dini ya Tao wa kuzuia mizimu inayorukaruka, na mtayarishaji alikuwa Sammo. Watoto wa vibanda vya video wanajua nazungumzia mizimu gani. Tulikuwa tukibana pumzi zetu tukirudi nyumbani gizani, maana kwenye picha ukibana pumzi mzimu haukuoni.

Si kila alichokifanya nakipenda. Zile komedi zake za Lucky Stars za katikati ya miaka ya 1980 zilijaza kumbi Hong Kong, na zina mapigano mazuri sana, lakini zina wanaume wazima wanaozunguka kutafuta njia ya kumgusa mwanamke kwa hila, na tunatakiwa tucheke. Zamani nilicheka. Sasa nina binti, na sizirudii.

Marekani alifika mwaka 1998, kwenye tamthilia ya Martial Law ya CBS, akiigiza polisi wa Shanghai aliyehamia Los Angeles. Ilidumu misimu miwili. Wakati ule kumwona Mchina akiwa ndiye mhusika mkuu wa tamthilia ya usiku kwenye kituo kikubwa cha Marekani lilikuwa jambo la nadra mno, na huyo Mchina alikuwa mnene, umri miaka 46, Kiingereza chake cha kuungaunga. Mimi nimeona vipande tu. Naona walimpenda kama kioja zaidi ya kumpenda kama fundi.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1988, kwa sababu hapo ndipo alipofanya kitu ambacho bado kinanisumbua. Ilitengenezwa filamu iitwayo Painted Faces kuhusu shule yao, mwongozaji Alex Law. Watoto wanachukuliwa, wanafundishwa, wanachapwa, opera inakufa, shule inafungwa. Na nafasi ya mwalimu, yule wa fimbo, akaigiza Sammo Hung mwenyewe.

Nimeitazama nikitafuta kisasi. Angeweza. Mtu umepewa uso wa aliyekuchapa utotoni, unaweza kumfanya zimwi, na hakuna atakayekulaumu. Sikuona kisasi. Wala sikuona kupaka mafuta, fimbo zipo. Nilimwona mzee mwenye kitu kimoja tu cha kumpa mtoto, na kitu chenyewe dunia haikihitaji tena. Kuna wakati anawatazama vijana wake wakienda studio kuwa watu wa kuangukaanguka, wale aliowatayarisha wawe wafalme na majenerali wa jukwaani, na uso wake hausemi neno. Alishinda tena tuzo ya mwigizaji bora kwa kazi hiyo. Sisi tulioguswa na fimbo tukiwa wadogo tuna maneno mawili tu ya kusema kuhusu waliotuchapa: ama "walitujenga" ama "walituharibu". Sammo alikataa yote mawili, akamvaa yule mzee na kumbeba mpaka mwisho wa filamu.

Mwaka 2009 alifanyiwa upasuaji wa moyo. Mwaka uliofuata ikatoka Ip Man 2, mapigano kapanga yeye, na ndani yake anapigana na Donnie Yen, steringi wa filamu hiyo, juu ya meza ya duara. Miaka 58. Meza inayumba, inapasuka, wao wako juu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kugusa chini. Umri unauona kwenye kupumua kwake. Miguuni huuoni. Baadaye kwenye filamu hiyohiyo mwalimu anayemwigiza anapanda ulingoni na bondia wa Kiingereza, anapigwa kikatili, anaambiwa akubali yaishe, anakataa, na anaanguka asiinuke tena.

Niliitazama hiyo na kaka yangu, Tanga, sebuleni kwake. Nyonga inamsumbua siku hizi, matokeo ya tairi na miaka yote ile, na huketi kwa kujiegemeza upande mmoja. Wanangu walikuwa wamekasirika, wanataka bondia yule aje apigwe haraka. Mdogo alikuwa amesimama kabisa mbele ya kioo. Kaka alinyoosha mkono akaomba rimoti.

"Subirini," akasema. "Rudisha pale alipoanguka. Sijaliona bega."